Umechelewa kwa Fidla, Hujachelewa kwa Koo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma usiku wa manane, na sikukupigia simu kwa sababu najua ungesikiliza sauti yangu badala ya maneno yangu. Umeuliza: “Mama, nina miaka 23 na shahada moja ninayo tayari. Nikaombe nafasi ya kusomea uimbaji chuo kikuu, au nimeshachelewa?” Nimeona nikuandikie, unisome taratibu.

Nianze na hilo la kuchelewa, maana ndilo jepesi. Ungeniambia unataka kuanza fidla leo ili siku moja upate kiti kwenye okestra, ningekukatalia bila kukuficha. Wenzako walianza wakiwa na miaka mitano au sita. Vidole vyao vimekulia juu ya nyuzi. Sauti haina haraka hiyo. Ala yako ni mwili, na mwili huendelea kuikomaza muda mrefu baada ya watu kuanza kukuita mtu mzima. Zile sauti kubwa za kuimba juu ya okestra nzima, nyingi hutulia mwimbaji akiwa ameshaingia miaka ya 30. Kathleen Ferrier, yule Mwingereza mwenye sauti nzito ya kike, aliacha shule akiwa na miaka 14 akaajiriwa kwenye simu. Mwaka 1937, akikaribia miaka 25, ndipo aliposhinda shindano la uimbaji, na mafunzo ya sauti ya dhati yakaja baada ya hapo. Wala hakupitia chuo cha muziki. Usijipime kwake, hayo ni mateso ya bure. Nimemtaja kwa sababu ya umri tu.

Sasa hilo la kwenda au kutokwenda. Miaka 26 nimekaa kwenye piano nikisindikiza vijana siku za usaili, na huko nyuma ya piano unaona mambo ambayo jopo halioni. Nasikia mtu akivuta pumzi kabla hajatoa noti ya kwanza, na mara nyingi pumzi hiyo hunitosha. Nimewaona wenye sauti za dhahabu wakiingia chuoni na kutoka mwaka wa pili, si kwa kushindwa kuimba, bali kwa kuwa hawakujua kwamba kuimba ndiko kungechukua sehemu ndogo ya wiki yao.

Kwa kawaida utakuwa na saa moja hivi kwa wiki na mwalimu wako wa sauti. Moja. Zinazobaki ni nadharia ya muziki, kusikiliza noti na kuziandika bila kuziona, historia, kwaya, piano ya lazima (utaikumbuka ile uliyoikimbia ukiwa na miaka tisa), na matamshi ya Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa mpaka ulimi uchoke. Wala hutajifungia chumba cha mazoezi saa sita kama wapiga piano. Ukiimba ile noti ambayo okestra hulinganishia ala zake, nyuzi zako za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde. Ukipanda hadi do ya juu ya soprano, ile sauti ya juu kabisa ya kike, zimeshapita mara 1,000. Hakuna nyama ya mwili inayovumilia hayo mchana kutwa. Waimbaji wenye busara huimba kidogo kidogo, wakipumzika katikati, halafu kazi iliyobaki wanaifanya kimya: kutafsiri shairi neno kwa neno, kuhesabu mapigo, kujifunza noti kichwani. Wanaopasha sauti kwa kupiga mayowe kwenye korido, mimi huwa nafunga mlango.

Ndiyo maana nakuambia shahada hii ni saa ile moja. Usichague jina la chuo, chagua mtu. Kabla hujajaza fomu yoyote, mwandikie mwalimu unayemtaka umwombe somo la majaribio. Wengi hukubali, na asiyekubali amekupunguzia kazi. Nenda pia kasikilize maonyesho ya wanafunzi wake. Ukiona wote wanaimba kwa sauti ya aina moja, na ni sauti ya mwalimu, toka. Waulize wa mwaka wa mwisho, si wa mwaka wa kwanza, maana wa mwaka wa kwanza bado wana fungate. Na ukiimba mbele yake koo likauma, mwambie. Jibu atakalokupa hapo ndilo usaili wake yeye.

Hapa nina jambo sijawahi kukuambia.

Umekua ukiwaambia watu kwamba mama yako “alichagua” kusindikiza. Sikuchagua. Nilikuwa mpiga piano wa kusimama peke yangu, na mwaka wa tatu kano za mkono wangu wa kulia zilianza kuwaka kila nikicheza oktava, yaani noti mbili za jina moja zinazotaka kiganja kitanuke. Nilimwambia mwalimu wangu. Alisema maumivu ni nguvu inayoingia, niongeze mwendo. Nikaongeza, kwa sababu alikuwa mwalimu na mimi nilikuwa mtoto niliyelelewa nisibishane na wakubwa. Onyesho langu la kuhitimu nilisindikizwa kulitazama, likichezwa na mwingine. Watu walinifariji kwa habari za Robert Schumann, yule mpiga piano Mjerumani aliyeharibikiwa mkono wa kulia akiwa kijana akageukia utunzi. Faraja nzuri, ila mimi sikuwa na nyimbo za kutunga. Mkono ulipopona nusu, mwimbaji mmoja aliniomba nimchezee mambo mepesi, nikagundua kuwa napenda kupumua na mtu. Basi. Hiyo ndiyo historia yote, na ndiyo sababu nitakusumbua kuhusu mwalimu kuliko kuhusu kitu kingine chochote.

Kazi? Baba yako ataniuliza kama nimekuandikia kuhusu kazi. Wanaoishi kwa kuimba jukwaani peke yake ni wachache. Wengi hufundisha, huongoza kwaya, huimba hapa na pale, na hujaza pengo kwa kazi nyingine. Wewe hiyo kazi nyingine unayo, shahada yako ya kwanza usiitukane. Jingine: okestra nyingi huwasaili wapigaji nyuma ya pazia, na nyingine hutandika zulia ili hata mlio wa viatu usimtambulishe mtu. Mwimbaji wa opera hana pazia. Watakutazama urefu, uso na namna unavyotembea, na siku nyingine utakataliwa kwa jambo ambalo mazoezi hayaligusi. Hilo nisingependa ulijue kwa mara ya kwanza siku litakapokupata.

Ukiamua kwenda, usaili ni hivi. Wengi huomba nyimbo mbili tatu za lugha tofauti, na moja mara nyingi ya Kiitaliano. Usibebe wimbo wa Tosca, ile opera nzito ya Puccini. Najua unaiweza bafuni. Jopo halitafuti aliyekwisha kuwa. Linatafuta anayefundishika, na wimbo mdogo ulioimbwa kwa utulivu unawaonyesha hilo kuliko wimbo mkubwa unaokupeleka mbio. Wakikukatisha katikati usitafsiri lolote. Huenda wameshasikia walichotaka, au wamechelewa chakula cha mchana. Na tafadhali, kwa heshima ya watu wa kabila langu, nota za msindikizaji ziwe kwenye faili, kurasa zimepangwa pande mbili. Sitasahau kijana aliyenipa fotokopi iliyokatwa chini, mkono wa kushoto wote haupo. Nilibuni besi nzima huku yeye akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Unataka kujua kama ningekuwa wewe ningeenda. Ningeenda, kama baada ya somo la majaribio ningetoka nikiwa nimejifunza kitu kimoja ninachoweza kukirudia nyumbani kesho yake bila mwalimu. Kama ningetoka nimesifiwa tu, nisingeenda, hata chuo kingekuwa na jina gani.

Jumamosi njoo nyumbani. Ule wimbo wa Kiitaliano ulioutaja nitakurekodia usindikizaji wake kwa mwendo wa polepole, kisha kwa mwendo wake, uwe unafanyia mazoezi. Nitumie kwanza ufunguo unaouimbia, yaani wimbo unauimba juu au chini kiasi gani. Usiniandikie “ule wa kawaida”. Sauti ya juu wana wao na sauti ya chini wana wao, na mimi sijui wewe siku hizi uko wapi.

Mama yako