Ndugu Wanaposhika Magitaa: Majibu kwa Wasomaji

Safu iliyopita niligusia bendi za roki zilizoundwa na ndugu wa tumbo moja, nikadhani ni mada ya kupita tu. Barua zimekuja kutoka Busia hadi Arua, na nyingi hazikuandikwa na mashabiki wa roki. Zimetoka kwa wazazi, na kwa vijana wanaopiga vyombo kanisani pamoja na kaka na dada zao. Mimi mwenyewe niliimba na dada yangu kwaya moja Jinja kwa miaka minane, kwa hiyo nimezisoma zote kwa moyo. Hizi hapa ndizo nilizoweza kuzijibu leo.

Mimi na wadogo zangu wawili tunaimba, na watu husema huwezi kujua sauti ya nani ni ipi. Ni damu au ni mazoezi? (Msomaji wa kike, Busia)

Ni vyote viwili, dada, na kuna la tatu ambalo watu hulisahau: matamshi. Umbo la koo na kinywa hurithiwa, hilo halina ubishi. Lakini sikiliza kwaya yoyote ya Kampala yenye Muganda na Munyankole wakiimba neno moja. Mmoja anasema "lala", mwenzake "rara", na hapo hapo sauti mbili zinaachana hata kama noti ni sahihi. Waliolelewa nyumba moja hufungua irabu kwa upana ule ule na kuzifunga wakati ule ule, bila kuambiana.

Mfano mkubwa ni Don na Phil Everly wa Marekani, waliokua wakiimba kwenye kipindi cha redio cha wazazi wao. Walipotoa "Bye Bye Love" mwaka 1957, vijana wa Liverpool waliokuja kuwa The Beatles waliiga namna yao ya kuimba sauti mbili zikienda bega kwa bega. Wengine ni ndugu watatu wa The Beach Boys, Brian, Dennis na Carl Wilson. Walilala chumba kimoja katika mji wa Hawthorne, California, na Brian aliwafundisha wadogo zake sauti zao usiku wakiwa vitandani. Bendi ilipoanza mwaka 1961 pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine, kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika nyumbani.

Tuko ndugu watatu na sote tunataka kupiga solo. Tufanyeje? (Kijana wa Mbale)

Badilishaneni vyombo kwanza, kisha muamue. Eddie van Halen alianza na dramu, na kaka yake Alex alikuwa na gitaa. Eddie alikuwa akisambaza magazeti mitaani ili alipe deni la dramu zake, na kila alipotoka Alex alizikalia akafanya mazoezi. Siku moja Eddie akagundua kaka yake amemshinda, akamwachia dramu, akachukua gitaa. Albamu ya kwanza ya bendi yao, Van Halen, ilipotoka mwaka 1978, wapiga gitaa wa dunia nzima walisimamisha kazi zao kusikiliza anavyogonga nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia kwenye shingo ya gitaa.

Na asiwadanganye mtu kwamba rithim, yaani gitaa linaloshikilia mdundo, ni kazi ya aliyeshindwa. Malcolm Young wa bendi ya AC/DC alipiga rithim maisha yake yote na kumwachia mdogo wake Angus solo, na bado wapigaji wengi watakuambia nguvu ya bendi ile ilikuwa mkononi mwa Malcolm. Ukitaka kuhakikisha, sikiliza wimbo wao wowote ukiiweka akili kwenye gitaa lisilopiga solo.

Binti yangu ana miaka 14, anataka kupiga dramu katika bendi ya kaka zake. Wajomba zake wanasema si kazi ya msichana. (Mama, Bombo)

Mama, mwache apige. Karen Carpenter alijifunza dramu akiwa shule ya sekondari, na hata alipopata sifa duniani kwa sauti yake akiimba na kaka yake Richard, alijiona kwanza kama mpiga dramu. Muziki wao ulikuwa laini kuliko roki, lakini mikono yake ilikuwa na nidhamu ambayo wanaume wengi waliitamani.

Upande wa roki yenyewe wapo Ann na Nancy Wilson wa bendi ya Heart kutoka Seattle, Ann akiimba na Nancy akiwa na gitaa. Sitakuficha kwamba walipata matusi. Kampuni iliyowarekodi mwanzoni ilitoa tangazo la kuashiria kwamba dada hawa wawili ni wapenzi, na mwanamume mmoja akaja kumuuliza Ann habari za "mpenzi" wake, akimaanisha mdogo wake. Ann alirudi hotelini na hasira zake, akaandika maneno ya "Barracuda", wimbo uliotoka mwaka 1977 na ambao hadi leo unapigwa. Mwaka 2013 Heart waliingizwa katika Jumba la Heshima la Roki huko Marekani.

Waambie wajomba pia kuhusu Margaret, dada yao Malcolm na Angus Young. Yeye hakupanda jukwaani, lakini ndiye aliyeona herufi AC/DC kwenye cherehani akapendekeza ziwe jina la bendi, na ndiye aliyemshauri Angus avae sare ya shule akipiga. Ondoa mawazo ya dada huyo, uone AC/DC inabaki na sura gani.

Nina vijana wanne wenye vipaji. Nimeamua niwe meneja wao mwenyewe, maana watu wa nje ni wezi. Unasemaje? (Mzee wa Masaka)

Mzee wangu, naelewa hofu yako, na naomba univumilie kwa jibu refu.

Murry Wilson, baba yao kina Brian, alikuwa meneja wa kwanza wa The Beach Boys. Alihangaika, akawatafutia mkataba, akawapigania. Pia aliingia studio na kusahihisha kila kitu, akawafokea, akamshusha Brian mbele za watu, mpaka mwaka 1964 wanawe wakamfukuza kazi. Hebu fikiria mtoto kumfukuza baba yake. Lakini haki za nyimbo zilibaki chini ya mkono wake, na mwaka 1969 aliziuza kwa dola 700,000. Nyimbo hizo zimeendelea kuingiza fedha kwa miongo kadhaa, nyingi mno kuliko hizo dola, na Brian aliumia sana kwa mauzo yale.

Hadithi ya pili ni ya kusikitisha zaidi. Katika mji mdogo wa Fremont, New Hampshire, Austin Wiggin aliamini utabiri wa mama yake aliyemsoma kiganja: kwamba binti zake wataunda bendi. Akawatoa shule Dot, Betty na Helen, akawanunulia vyombo, akawapangia mazoezi ya kila siku na maonyesho ya Jumamosi kwenye ukumbi wa mji. Hawakuwa wameomba. Mwaka 1969 aliwapeleka studio kabla hawajawa tayari, wakarekodi albamu kwa jina la The Shaggs, ambayo kila gitaa linakwenda njia yake na dramu zinakwenda yake. Austin alifariki mwaka 1975, na binti zake wakaweka vyombo chini. Miaka ya baadaye wanamuziki wakubwa, akiwemo Kurt Cobain, waliisifu albamu ile kwa unyofu wake. Mimi nikiisikiliza nasikia wasichana watatu wanaomtii baba yao, na sifurahi.

Kwa hiyo, mzee, kuwa mlezi wa bendi. Toa nauli, toa chumba cha mazoezi, kaa mlangoni uhesabu tiketi ukitaka. Mikataba na haki za nyimbo ziwe kwa majina ya vijana wenyewe, na mkataba usomwe na mwanasheria asiye wa ukoo.

Je, Jack na Meg wa bendi ya The White Stripes ni kaka na dada? (Mbarara)

Hapana. Walijitambulisha hivyo, lakini walioana mwaka 1996 na kuachana mwaka 2000. Jack alichukua jina la ukoo la Meg, White.

Mdogo wangu anatunga nyimbo zote. Mimi napiga besi, na vyombo vyote nimevinunua mimi kwa fedha za boda boda yangu. Tumeanza kununiana. Tugawane vipi? (Kawempe, Kampala)

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo limevunja bendi nyingi kuliko pombe.

Watu husema ndugu hugombana kwa sababu ya wivu wa utotoni. Upo, sikatai. Lakini angalia chini ya ugomvi, mara nyingi utakuta mtunzi mmoja. Anayetunga wimbo hulipwa mrabaha kila unapopigwa redioni au kurekodiwa na mwingine. Anayepiga besi hupata mgao wa maonyesho na wa mauzo ya rekodi. Miaka kumi ikipita, mmoja ana nyumba, mwenzake bado anapanga, na wote walisafiri kwenye gari moja.

The Kinks wa London ni mfano ulio wazi. Mwaka 1964 Dave Davies, kijana wa miaka 17, alichana spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe, ikatoa mkwaruzo ambao ndio uliofanya "You Really Got Me" isikike vile. Mtunzi aliyeandikwa ni Ray, kaka yake, na kwa haki, maana wimbo ni wake. Lakini je, nani angeukumbuka bila ule wembe? Walipigania jambo hilo na mengine kwa zaidi ya miaka 30.

Creedence Clearwater Revival walimalizika vibaya zaidi. Tom Fogerty ndiye aliyekuwa mwimbaji na kiongozi walipoanza, kisha mdogo wake John akawa anatunga, anaimba na kuamua kila kitu. Tom aliondoka mwaka 1971, na akafariki mwaka 1990 kabla hawajapatana. Ndugu Noel na Liam Gallagher wa bendi ya Oasis angalau wamepata nafasi ya pili: Noel aliondoka Paris tarehe 28 Agosti 2009 baada ya ugomvi nyuma ya jukwaa, na miaka karibu 16 ikapita kabla hajasimama tena na Liam, Cardiff, Julai 2025.

Sasa yako. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inampa mtunzi haki ya utunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, lakini inatambua pia haki za wapigaji na za aliyegharimia kurekodi. Mdogo wako ajiunge na UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi tangu 1985. Ninyi wawili andikeni karatasi leo, kabla hamjapata shilingi: nani katunga nini, mstari wa besi uliobuni wewe unahesabiwaje, maonyesho mnagawana vipi, na vyombo ni mali yako inayotumiwa na bendi au ni mkopo utakaorudishwa kidogo kidogo. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, agonge muhuri. Tunauziana viwanja kwa njia hiyo, na nyimbo huenda zikadumu kuliko kibanda.

Na umwambie mdogo wako, kwa mdomo, kwamba nyimbo zake ni nzuri. Naye akuambie kuhusu boda boda.

Mbona unataja Wazungu tu? Kwetu hakuna bendi za ndugu? (Msomaji, Jinja)

Zipo, ingawa si za roki. Wilson na George Peter Kinyonga, wazaliwa wa Tanga, walipita Arusha wakafika Mombasa, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Magitaa yao matatu yakizungumza hutasikia pengo. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitoa na kuunda Les Wanyika, ila ndugu wenyewe walibaki pamoja mpaka George alipofariki mwaka 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995.

Hapa Uganda, ukoo wa Mayanja umetoa Chameleone, Weasel, Pallaso na marehemu AK47 aliyetutoka Machi 2015. Hawakuunda bendi moja. Kila mmoja alishika njia yake. Wakati mwingine natamani wangejaribu, hata albamu moja tu, na Chameleone aimbe Kiswahili chake kile.

Je, wapo ndugu weusi waliopiga roki ngumu? Rafiki zangu hunicheka, wanasema huo si muziki wetu. (Kijana wa Arua)

Wape jina hili: Death. David, Bobby na Dannis Hackney, ndugu watatu weusi wa Detroit, mji ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulitaka kila kijana mweusi aimbe muziki laini wa soul. Majirani walilalamika. Wao wakaongeza sauti. Walikuwa wakipiga haraka na kwa ukali wa pank kabla neno hilo halijazoeleka.

Mwaka 1975 walirekodi nyimbo saba. Bosi wa kampuni kubwa ya rekodi, Clive Davis, alipendezwa, ila alitaka wabadili jina. David, mkubwa wao, alikataa. Alilichagua baada ya baba yao kufa ajalini, akitaka kukigeuza kifo kiwe kitu kisichotisha, na alisema ukiuza jina la bendi umeuza bendi yenyewe. Mkataba ukafa. Walitoa nakala 500 za santuri moja kwa fedha zao, wakahamia Vermont, na baadaye David akarudi Detroit peke yake. Kabla ya kufariki kwa saratani ya mapafu mwaka 2000, alimkabidhi Bobby kanda za studio na kumwambia azitunze, dunia itakuja kuzitafuta.

Bobby aliziweka darini. Hakuwaambia hata wanawe. Miaka ikapita, wakusanya santuri wakaanza kununuliana zile nakala chache kwa bei kubwa, na mtoto wa Bobby akasikia wimbo kwenye karamu akaitambua sauti ya baba yake. Mwaka 2009 albamu ikatoka, miaka 34 baada ya kurekodiwa. Wana watatu wa Bobby nao wakaunda bendi, Rough Francis, jina alilolitumia marehemu baba yao mkubwa, wakaanza kuzipiga nyimbo zile jukwaani.