Atangulize kazi, cheti kitamkuta humo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: kijana anayetaka kuingia katika teknolojia ya habari atangulize cheti au kazi? Mimi nasema kazi, hata ile ndogo inayodharauliwa.

Nilianzia katika saiba moja ya Kondele, hapa Kisumu, nikifungua printa zilizokwama karatasi na kuwasaidia wateja waliosahau nywila zao. Kila hitilafu niliiandika daftarini: dalili yake, nilichojaribu, na kilichoitibu. Daftari hilo ndilo lililonipatia kazi ya pili, kwa maana aliyenihoji aliyaacha maswali yake akaanza kulisoma.

Huko tuliitwa kwenye ghala moja upande wa bandarini, ambako mtandao ulikuwa ukikatika kila mara na ruta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, ilikuwa imekwisha kubadilishwa mara mbili. Nilipoifuata kebo kwa hatua kutoka kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisini, hadi kwenye kompyuta ya karani, niliona kwamba inakaribia mita 140, ilhali kebo ya shaba ya Ethernet imewekewa kikomo cha mita 100. Ikizidi hapo, ishara hudhoofika na data huanza kupotea njiani. Tuliweka swichi nyingine katikati, na ruta ikapumzika na lawama.

Ni baada ya hapo nilipoanza kusomea CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, na karibu kila sura ilinikumbusha kitu nilichokwisha kukishika kwa mikono. Siidharau elimu, ninachozungumzia ni wakati wake. Cheti hicho hudumu miaka 3, kisha hutakiwa kuhuishwa, kwa hiyo anayekipata akakaa nacho nyumbani akisubiri kuajiriwa hukiona kikizeeka bila kumfaa. Asiye na vifaa na ajizoeze kwa Packet Tracer, programu ya Cisco isiyolipiwa, inayoiga ruta na swichi ndani ya kompyuta ya kawaida.

Kupanda cheo kulitoka kwingine kabisa: niliweza kumwandikia meneja asiyejua mitandao, kwa ukurasa mmoja, kwa nini fedha zake zitumike kununua kifaa fulani. Wenzangu wawili walionizidi ujuzi hawakupenda kuandika. Sasa, ninapowahoji vijana, huanza kwa kuwauliza ni kitu gani waliwahi kukiharibu, na walikirudishaje.

Msomaji, Kisumu