Siagi ya mboga: kamua kwanza, changanya baadaye

Wageni wanakuja Jumamosi na sitaki kushinda jikoni. Kuna kitu chepesi cha kupaka mkate?

Kipo. Chukua gramu 250 za siagi iliyolainika, karoti moja ndogo iliyokwaruzwa kwa upande wenye matundu membamba, nusu ya pilipili hoho nyekundu iliyokatwakatwa hadi ikaribie punje za mchele, na vijiko viwili vya chakula vya majani ya kitunguu. Tia kotmiri, pilipili manga na kijiko cha chai cha maji ya limau. Koroga kwa mwiko. Mashine ya kusagia iache kabatini, maana itakupa uji wa rangi moja, na raha ya siagi hii ni kuziona mboga. Itengeneze usiku wa kuamkia siku yenyewe, ladha ikolee.

Yangu ilipendeza, lakini wageni walipofika nikakuta dimbwi la maji bakulini. Nilikosea wapi?

Pole. Nami yalinikuta, tena kwa tango, ambalo karibu asilimia 95 yake ni maji. Karoti inayoonekana kavu nayo ina asilimia 88 hivi. Chumvi huyavuta maji hayo nje ya mboga, na mafuta hayayapokei, kwa hiyo yanajikusanyia chini.

Dawa ni kuyatoa mapema. Nyunyizia mboga chumvi kidogo, ziache dakika 10, zifunge kwenye kitambaa safi, kisha kamua mpaka mkono uchoke. Ukifungua ukakuta zimeshikana kitonge, ndipo ziingie kwenye siagi. Onja kabla ya kuongeza chumvi nyingine, hasa kama siagi yenyewe ina chumvi. Nyanya, wapo wanaoitoa mbegu na ute wake wakaitumia. Mimi siiweki kabisa.

Siagi yangu ni ngumu kama jiwe. Niiyeyushe?

Usithubutu! Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Ikiyeyuka, vitu hivyo viwili huachana, na ikiganda tena inakuwa na chengachenga. Ikate vipande vidogo, viache mezani kama nusu saa. Ukibonyeza, kidole kizame bila kupata tabu, lakini siagi isiwe inang'aa.

Majarini je?

Inafaa. Epuka tu ile yenye mafuta pungufu, kwa sababu pengo la mafuta limezibwa kwa maji.

Nimetia kitunguu saumu kibichi. Itakaa siku ngapi?

Siku 3 au 4, ndani ya friji, chombo kikiwa na mfuniko. Hapa sina mzaha: kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta na kuachwa nje ya baridi kinaweza kuotesha bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari unaotokana na sumu katika chakula), na sumu yao si lazima ibadilishe harufu wala ladha. Ukitaka ikae zaidi, igandishe. Mezani nako isizidi saa 2, kwa hiyo toa bakuli dogo na uongeze likiisha.

Niipake kwenye mkate kabla hawajafika?

Mkate utakauka kingo. Waache wapake wenyewe, na weka visu kadhaa. Mimi niliwahi kuweka kimoja, foleni ikafika mlangoni.