Usilivunje Tangi Lako kwa Sababu ya Utando wa Kahawia

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Lindi mjini. “Shikamoo mama. Tangi langu la samaki halijamaliza hata mwezi na limeshageuka kahawia lote, vioo, mawe, mpaka majani. Rafiki yangu anasema nimwage kila kitu, nioshe kwa sabuni, nianze upya. Nifanyeje?”

Marahaba mwanangu. Usimwage. Weka ndoo chini, soma kwanza.

Najua unavyojisikia, maana nimepita hapo. Tangi langu la kwanza alinitengenezea fundi vioo wa hapa hapa Mtwara, la lita 80, nikaliweka sebuleni kwangu Chuno. Samaki wadogo aina ya gapi na moli niliwaagiza Dar es Salaam, wakasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500 ndani ya mifuko iliyojazwa hewa, na karibu wote wakafika wazima. Jioni nilikuwa nazima televisheni ili niwaangalie wao. Kwa mtu aliyeshinda kwenye cherehani tangu asubuhi, ile ndiyo ilikuwa starehe yangu.

Halafu utando ukaja. Ulianza kwenye kona za kioo, upande usiopata mwanga, vumbi jepesi la kahawia ambalo ungedhani ni uchafu wa nje. Ukahamia kwenye mawe. Mwisho ukapanda kwenye majani, na kijani chote kikapotea. Ukiupitishia kidole unafutika pale pale na kuacha mstari msafi, lakini ule uliofutika unapanda majini kama moshi, unazunguka kwenye mwanga wa taa, kisha unatua taratibu juu ya majani.

Ikafika Sikukuu ya Idi, nyumba imejaa wageni. Wifi yangu akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu: “Wifi, hili tangi lako limeshika kutu. Samaki gani wanafugwa kwenye kutu?” Watu wakacheka. Mimi nikaenda jikoni kupakua pilau. Miaka imepita, na nadhani mwenyewe ameshasahau, ila mtendwa hasahau.

Nikampigia simu aliyeniuzia samaki. Akaniambia kuna dawa, niwe natia kifuniko kimoja kila siku mpaka maji yatakate. Nikamuuliza ndani ya dawa hiyo kuna nini. Akakasirika, akasema wateja wa mikoani tuna maswali mengi. Sikuinunua, na najivunia hilo mpaka leo. Baadhi ya dawa za kuua mwani zina shaba, na shaba inaua konokono na kamba wadogo wa tangini, na ikizidi inawadhuru hata samaki. Mtu akikuuzia kitu cha kumwaga kwenye maji wanayovuta samaki wako, una haki ya kuuliza. Uliza hata akikukasirikia.

Badala ya dawa nilitafuta kuelewa. Utando huu ni viumbe wa seli moja wanaoitwa diatomu. Kila mmoja anajijengea ganda la silika, malighafi ile ile inayotengenezewa kioo, kwa hiyo pasipo na silika iliyoyeyuka majini hawezi kuzaliana. Watu wengi wanalaumu mchanga. Mimi sikubaliani nao. Mchanga wa kawaida huyeyuka polepole mno. (Mchanga wa ufukwe wa bahari, kama wa Msimbati huku Mtwara, usiuweke kwa sababu nyingine kabisa: una chumvi na vipande vya makombe vinavyobadilisha maji.) Kinacholeta silika nyingi ni maji yenyewe, hasa ya kisima, kwa kuwa yamekaa ardhini muda mrefu yakipita kwenye miamba. Na sisi huku Kusini wengi wetu tunaishi kwa maji ya visima.

Sababu ya pili ni upya wa tangi. Tangi jipya halina wenyewe. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye chujio na kwenye mawe. Mimea nayo bado haijashika mizizi. Chakula kipo, silika ipo, mshindani hakuna, basi diatomu wanajikaribisha. Silika ikipungua na mimea ikichangamka, wanakosa nafasi na kuondoka wenyewe.

Sasa mwanangu, fikiria ushauri wa rafiki yako. Ukimwaga kila kitu na kuosha kwa sabuni, unawaua bakteria waliokuwa wameanza kazi, unatia maji mapya yenye silika mpya, na unarudi siku ya kwanza. Utando utakuja tena, na mabaki ya sabuni yanaweza kuwaua samaki.

Mimi nilifanya hivi. Nilitenga sponji ya tangi peke yake, isiyojua sabuni. Nikawa nafuta kioo kwanza, ndipo nanyonya maji kwa mpira, ili lile vumbi litoke pamoja na maji badala ya kutua tena. Natoa kama robo ya maji kila wiki. Majani nayafuta kwa vidole viwili, jani moja moja, toka shinani kwenda nchani. Sponji ya chujio naikamua ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini inaua bakteria wale wale ninaowasubiri. Maji ya bomba nayaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuyatia. Taa inawaka kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, haizidi.

Wiki zilizofuata sina cha kusimulia. Kufuta, kubadilisha maji, kusubiri. Utando ulirudi mwembamba, kisha mwembamba zaidi, na moli wangu wakawa wanashinda wakidonoa mabaki juu ya mawe, wakiacha vidoa vidogo visafi. Msimu wa korosho wifi alikuja tena. Kioo kiko wazi, majani ya kijani, gapi wameshazaa. Alikaa mbele ya tangi muda mrefu, hakusema neno. Nikamletea chai.

Nasema haya kwa kuwa naona vijana wengi mna haraka. Mnataka tangi la kupiga picha kabla samaki hawajazoea nyumba. Likigeuka rangi kidogo mnaona aibu, mnavunja, mnauza vioo. Subirini. Futa, badilisha maji, subiri. Anayekucheka leo hajui kinachoendelea ndani ya tangi lako, na huna haja ya kumridhisha.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Mtoto wa jirani aliwahi kuniletea kopo la konokono aliowaokota bwawani, ati wale utando. Ni kweli konokono wanakula diatomu, lakini konokono wa mabwawa na madimbwi ya ukanda wetu wanaweza kubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kuingia majini, kisha hupenya kwenye ngozi. Wewe kila wiki unatumbukiza mkono mle. Nilimkataza kwa upendo, nikamwambia anawe mikono kwa sabuni na asirudi kuwachezea. Kama unataka konokono, chukua kwa mfugaji aliyewazalisha tangini.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, toa sponji ya chujio uiache ielee ndani ya tangi, kisha chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa. Ikiwa tangi ni la zamani na utando umerudi, angalia kama umebadilisha chanzo cha maji, chujio limejaa, au unalisha kupita kiasi. Chakula ambacho hakijaisha ndani ya dakika 2 kimezidi.

Na mvua zikianza, kinga maji. Maji ya mvua karibu hayana silika kabisa. Acha mvua za mwanzo zioshe bati, halafu kinga kwenye ndoo safi, uyachanganye na ya kisima nusu kwa nusu unapobadilisha maji. Usitie ya mvua matupu kama unafuga gapi au moli, kwa sababu hao wanataka maji yenye chumvichumvi za ardhini kidogo.