Walimu wa field, Hitler hakupindua nchi

Juzi napita nyuma ya kidato cha sita namsikia mwalimu wa field anawaambia watoto 1933 Hitler alipindua serikali. Nikashika kichwa. Mwaka jana mwingine, mwaka juzi mwingine, vyuo tofauti ila kosa mnakuja nalo lile lile kama mmepewa pamoja na godoro. Acha niandike, maana nikisema stafu mnaona nawanyanyasa.

1. Jiwe la Bismarck la pale Mwanza lisiwachanganye. Pelekeni watoto ziwani wakapige picha, sawa, ila Bismarck aliacha ukansela wa Ujerumani 1890, Hitler hajafikisha hata mwaka mmoja.

2. Fundisha tarehe kwa mfuatano. Hapa ndo nitubu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na pamfleti moja imechoka, ukurasa wa Hitler umemwagikiwa chai, nikajazia kichwani kwangu: jeshi, vifaru, ikulu. Binti mmoja wa Ukerewe, mpole kweli, akanyoosha mkono, "Sir, mbona Rais Hindenburg ndo alimteua?" Nikamwambia kaa chini, kama unajua sana njoo ufundishe. Darasa likacheka, nikajiona mwamba. Mtihani wa muhula ukaja, umeme umekatika, nasahihisha kwa tochi ya simu, karatasi zote jeshi, vifaru, ikulu, miandiko tofauti ila mdomo wangu. Moja tu inasema 30 Januari 1933 aliteuliwa kihalali, chama chake kikubwa kuliko vyote bungeni ila hakijafika nusu, na akina Papen, wanasiasa wahafidhina, walidhani watamwendesha kwa sababu Wanazi kwenye baraza walikuwa watatu tu. Nikapiga kosa. Sifuri.

Mkuu wa idara alipopitia zile karatasi akaniita. Hakugomba, bora angegomba. Akafungua kitabu akanisomea taratibu: 27 Februari bunge linaungua, kesho yake amri inafuta uhuru wa kusema na kukutana, 23 Machi wabunge 444 wanaipa serikali yake ruhusa ya kutunga sheria bila bunge, 94 wanakataa, wote wa chama cha Social Democrats, wakomunisti hawapo, wameshakamatwa au wamekimbia. Akafunga. "Mwalimu, vifaru viko wapi?" Mpaka leo nikisikia neno vifaru masikio yanawaka. Maksi za binti nilirudisha, ila hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza shule, na mimi hapo nafundisha jinsi watu walivyozibwa midomo Berlin.

3. Mussolini naye hakuiteka Roma. Oktoba 1922 watu wake wanalowa mvua njiani, yeye katulia Milan anasubiri kuitwa, mfalme akagoma kusaini hali ya hatari, ndo jamaa akaja na treni. Ni kama wenzio watembee kwa miguu toka Magu mpaka Mwanza, wewe ushukie Buzuruga na basi, halafu uitwe kiongozi wa msafara.

4. Msifundishe nchi zilizoangukia kwa madikteta tu. Brussels 1937 Degrelle, kiongozi wa mafashisti wa Ubelgiji, alisimama uchaguzi mdogo, vyama vikubwa vilivyokuwa haviivi vikamweka mtu mmoja, waziri mkuu van Zeeland, akazoa kama robo tatu ya kura.

5. Chaki njoo na yako.

Na wewe wa juzi, kesho kipindi cha tatu nakaa nyuma ya darasa lako. Kuna binti wa dirishani alinyoosha mkono mara mbili ukampita, nilimwona. Anza na yeye.