Mama hajui Kiingereza wala kusoma: SSA inaangalia lipi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 51. Tulitoka Fizi, Congo, tukaishi kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa hapa Kentucky. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku mpaka mgongo na bega vikamkatalia. Aliomba malipo ya ulemavu, amekataliwa. Barua inasema kazi ya kuku haiwezi tena, ila kazi nyepesi nyingine anaiweza. Kiingereza hajui, na shule aliachia darasa la pili. Watu wa hapa wanasema ukifikisha miaka 50 na hujui Kiingereza, unapewa. Mbona yeye kanyimwa?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa mama, na nimshike mkono kwa mbali. Hao waliokuambia hawakudanganya, ila wanaisimulia sheria iliyokwisha. Mpaka Aprili 2020, mtu asiyeweza kuwasiliana kwa Kiingereza aliwekwa kundi moja na asiyejua kusoma. Sheria hiyo ilikuwa na kasoro iliyoonekana wazi Puerto Rico: watu wanaoishi na kufanya kazi kwa Kihispania, mahali ambapo karibu kila mtu anazungumza Kihispania, walihesabiwa kuwa na pungufu la lugha. Tangu tarehe 27 Aprili 2020, SSA, yaani Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, haihesabu tena Kiingereza inapopima elimu ya mwombaji. Kilichobaki ni kutojua kusoma na kuandika, na hapo wanauliza kuhusu lugha yoyote ile. Anayesoma Biblia ya Kiswahili na kuandika ujumbe mfupi kwa Kibembe anajua kusoma, hata kama hajui neno moja la Kiingereza.

Kwa hiyo suala la Kiingereza liwekeni kando. La mama kutojua kusoma lishikeni kwa mikono miwili, kwa sababu katika umri wake linaweza kugeuza uamuzi wote.

SSA hupima kwa hatua tano. Elimu inaingia hatua ya mwisho tu, baada ya kuthibitika kwamba kazi ya zamani haiwezekani tena. Barua yenu inaonyesha mama amefika huko. Hapo wanachukua vitu vinne: nguvu zilizobaki, umri, elimu na ujuzi wa kazi alizofanya, kisha wanasoma jibu kwenye majedwali yao. Kwa lugha yao, kazi nyepesi ni kunyanyua hadi pauni 20 (kama kilo 9) mara mojamoja na pauni 10 mara kwa mara, na nyingi ya kazi hizo zinataka kusimama au kutembea kama saa sita kwa siku.

Sasa tazama. Mtu wa miaka 50 hadi 54, anayeweza kazi nyepesi, ambaye kazi zake hazikuhitaji ujuzi: akiwa hajui kusoma na kuandika, kanuni ya 202.09 ya majedwali hayo inasema ni mlemavu. Akiwa na elimu ndogo lakini anajua kusoma, kanuni ya 202.10 inasema si mlemavu. Mgongo uleule, kazi ileile, umri uleule. Naamini faili la mama limewekwa kwenye 202.10, na kazi yenu ni kulihamisha.

Si kila umri ungefika hapo. Akifikisha 55 na kubaki kwenye kazi nyepesi, elimu ndogo pekee ingetosha, ajue kusoma au asijue. Akiwa chini ya 45, kutojua kusoma peke yake kusingemsaidia kwenye majedwali. Kati ya 45 na 49, kutojua kusoma kunaamua pale tu mtu anapobaki na uwezo wa kazi za kufanya akiwa amekaa, si zaidi. Hiyo ni kanuni ya 201.17. Na kama daktari wa mama anaona hata kusimama saa sita hawezi, mwombeni aandike hivyo, kwa vipimo: dakika ngapi kusimama, kilo ngapi kubeba, mkono unafika wapi ukiinuliwa. Akionekana anaweza kazi za kukaa tu, kwa umri wake na elimu yake swali la kusoma halitahitajika kabisa.

Nani kasema mama anajua kusoma? Mara nyingi jibu limo kwenye fomu yenyewe. Angalieni nakala: pale palipoulizwa darasa la juu alilomaliza, kumeandikwa nini? Ninaona mno fomu zilizojazwa na kijana wa familia au mfanyakazi wa shirika kwa haraka, darasa likakadiriwa: "tuweke sita." SSA huchukulia kwamba aliyemaliza darasa la nne au zaidi anajua kusoma na kuandika, mpaka alete ushahidi wa kinyume. Tarakimu moja iliyokadiriwa inatosha kumfungia mama mlango. Kama ni kosa, lisahihisheni kwa maandishi na mweleze lilivyotokea. Karatasi za makazi ya wakimbizi nazo huandika elimu. Zitafuteni muone zinasema nini kabla hakimu hajaziona.

Kipimo chenyewe ni cha kawaida: je, anaweza kusoma au kuandika ujumbe mwepesi, kama maelekezo au orodha ya vitu? Kuweza kutia sahihi jina lake hakumtoi kwenye kundi la wasiojua kusoma. Leteni basi maelezo ya watu wanaomsomea. Jirani anayemfungulia barua za umeme. Mtu wa kanisani anayemwekea alama kwenye chupa za dawa. Msimamizi wa kiwandani aliyemfundisha kazi kwa kumwonyesha kwa mikono. Kama alihudhuria darasa la Kiingereza la watu wazima, ombeni rekodi zake. Walimu wengi huandika kama mwanafunzi alikuja bila kujua kusoma lugha yoyote. Kila kitu kiwe kweli tupu. Kweli ya mama inatosha.

Muda wa kukata rufaa ni siku 60 tangu mpokee barua, na SSA huhesabu kwamba imewafikia siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Hatua ya kwanza ni kuomba uamuzi upitiwe upya. Mkikataliwa tena, mnaomba kusikilizwa na hakimu. Wawakilishi wengi, yaani mawakili na wengine wanaosimamia kesi hizi, hawalipwi kitu mpaka kesi ishinde, na ada yao hukatwa kwenye malimbikizo ya malipo ya mama kwa kiwango kilichowekwa na sheria.

Jambo moja la pembeni: kama mama anaomba SSI, yaani malipo ya SSA kwa wenye kipato kidogo, na bado si raia, kwa wakimbizi kikomo cha jumla cha kuyapokea ni miaka saba. Uraia ni ofisi nyingine na huko Kiingereza kinahesabiwa. Fomu N-648 humwondolea sharti hilo mtu ambaye ugonjwa au ulemavu umemzuia kujifunza, lakini kutosoma shule peke yake hakukubaliwi kama sababu. Msichanganye kesi hizi mbili.

Kuhusu siku ya kusikilizwa: ombeni mkalimani wa SSA, ni bure, na semeni mapema ni Kiswahili cha Congo au Kibembe. Wewe usimtafsirie mama. Watu wazima wetu wengi wanaona aibu kukiri mbele ya watoto wao kwamba hawajui kusoma; hakimu akiuliza, mama anajibu "kidogo kidogo" ili asidharauliwe, na neno hilo linaandikwa. Kaa naye nyumbani kabla ya siku hiyo, mweleze kwamba kuacha shule darasa la pili si kosa lake, na kwamba akipewa karatasi asome, aseme lililo kweli: herufi anazozijua ni zipi, na zinaishia wapi.