Dunia Inasukumwa na Nini?

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Kijana wangu wa Kidato cha Pili amenieleza kuwa dunia na sayari nyengine zinajizungusha bila ya kupumzika. Nikamwambia kuwa pia, ile ya kuchezea watoto, ukiitupa huzunguka kidogo, ikayumba, kisha ikaanguka. Basi dunia inasukumwa na nini hata isisimame? Hakuwa na jibu. Naomba mtusaidie.
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Hakuna kinachoisukuma. Kitu kilichokwisha kuanza kuzunguka huendelea kuzunguka mpaka kitokee cha kukizuia, na ile pia ya watoto haianguki kwa kuchoka, bali ncha yake husuguana na sakafu na hewa nayo huipunguza kasi. Dunia haikukalia kitu chochote, na hewa tunayovuta inazunguka pamoja nayo. Ndiyo maana hapo Wete mnachukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi inayozidi kilomita 1,600 kwa saa, na chai haimwagiki kikombeni.

Mzunguko wenyewe ni urithi. Kiasi cha miaka bilioni 4.6 iliyopita, jua na sayari zake zilikuwa wingu moja la gesi na vumbi lililokuwa likizunguka polepole mno. Wingu hilo lilipojikusanya kwa uvutano wake lenyewe, kasi iliongezeka kadiri lilivyosinyaa, na kila sayari iliyoumbika humo ilipata fungu lake. Mafungu hayakuwa sawa: Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10, Zuhura huchukua siku 243, tena kinyumenyume, na Uranus imelala ubavu, labda kwa kugongwa ilipokuwa changa.

Hata hivyo, dunia inacho kizuizi, nacho kipo pwani kwenu. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi wakulima wa mwani wakaweza kushuka kwenye vigingi vyao kwa miguu, kinachoyavuta maji hayo ni mwezi, ukisaidiwa na jua. Kwa kuwa dunia hujizungusha haraka kuliko mwezi unavyoizunguka, maji yaliyoinuliwa hupelekwa mbele kidogo ya mwezi, nao mwezi huyavuta kuyarejesha nyuma; kwa mvuto huo, na kwa msuguano wa maji na sakafu ya bahari, dunia hupungua kasi, na siku hurefuka kwa milisekunde 2 hivi (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) katika kila miaka 100. Kinachopotea kwa dunia huupata mwezi, ambao husogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Kipimo hicho kinatokana na miali ya leza inayoelekezwa kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Marekani walianza kuviweka huko mwaka 1969.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umo katika matumbawe. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, John Wells, alihesabu mistari myembamba ya ukuaji wa kila siku katika matumbawe yaliyogeuka mawe, yenye umri unaokaribia miaka milioni 400, akakuta mistari kama 400 kwa mwaka. Mwaka haukuwa mrefu kuliko huu wetu. Siku ndizo zilizokuwa fupi, kila moja saa 22 hivi.

Ama kusimama, kijana asiwe na hofu. Kwa mwendo huo, hata miaka bilioni 5 ijayo, jua litakapokuwa limemaliza haidrojeni ya kitovuni mwake na kuanza kuvimba, dunia itakuwa bado inajizungusha.